Kopo la Pampu la Akina Cyr

Mwezi wa sita ni mwezi wa sufu. Kondoo wameshanyolewa. Sufu imeshaoshwa mtoni na kuanikwa juu ya nyua. Sasa kila nyumba ya bonde la Madawaska inataka sufu yake ichanwe, ili akina mama waisokote iwe nyuzi kabla ya theluji.

Asubuhi hiyo Odile Cyr aliwasha jiko la kuni. Alimimina uji mwepesi wa ngano nyeusi juu ya chuma cha moto. Ploye zikaiva, zile chapati laini zenye vitundu vingi. Levite, mume wake, alizipaka molasi, akazikunja na kula upesi upesi. Binti yao Rosalba alikula amesimama dirishani.

"Kaa ule kama mtu," Odile alimwambia.

"Mama, watu wameshafika! Njoo uone! Mikokoteni imejaa mpaka kwenye daraja!"

Levite aliruka kutoka kwenye kiti. "Nilisema au sikusema? Mwaka huu tutachana sufu ya bonde zima!"

Kiwanda chao kilikuwa nyuma ya nyumba, juu ya kijito. Odile alifungua lango la maji. Maji yakalipiga gurudumu kubwa. Gurudumu likazungusha shafti, yaani chuma kirefu cha mviringo kilichopita juu kabisa, chini ya paa, toka ukuta hadi ukuta. Kutoka kwenye shafti mikanda ya ngozi ilishuka hadi kwenye mashine ya kuchana sufu. Shafti ikizunguka, mikanda inazunguka. Mikanda ikizunguka, mashine inakula sufu huku na kuitema kule, nyeupe na laini kama wingu.

Shafti ilishikwa na beringi, yaani vishikizo vya chuma ambamo huzunguka, zilizofungwa kwenye boriti. Beringi hutaka mafuta. Zile za karibu na mlango zilipata mafuta kila asubuhi. Lakini moja ilikuwa mbali, juu ya mashine yenyewe, kwenye kona ya paa. Kuifikia ilikuwa taabu. Hiyo ilipata mafuta pale tu ilipolia.

Na ililia sana. Wiii! Wiii! Ilisikika mpaka kanisani. Mzee Dosithe, kapera mmoja mwenye kondoo wengi na maneno mengi, aliipa jina. Aliiita Mama Mkwe.

"Levite, mama mkwe wako anakuita!" alipiga kelele siku ile, akiwa amekaa juu ya magunia yake.

Watu wakacheka. Levite naye akacheka. Odile hakucheka.

"Namsikia, mzee! Namsikia!" Levite alijibu. Alichukua kopo dogo la mafuta lenye mdomo mfupi. Aliegemeza ngazi kwenye boriti, akaanza kupanda.

"Nifunge maji kwanza?" Odile aliuliza.

"Tusimamishe kazi kwa ajili ya matone mawili? Watu wote hawa wanangoja! Acha izunguke."

Alipanda. Alinyoosha mkono. Kopo halikufika. Akapanda kipago kingine, akainama juu ya shafti. Shati lake lilikuwa pana, na mikono yake haikufungwa vifungo. Kwenye shafti palikuwa na boliti iliyochomoza kidogo, kama kidole. Boliti ile ilidaka shati.

"Odile!"

Odile alikimbia kwenye lango la maji. Alilisukuma kwa kifua na mikono yote miwili. Lango likashuka, lakini gurudumu kubwa halisimami papo hapo. Kule juu shafti ilikuwa ikimvuta Levite, ikimzungushia shati mwilini kama mtu anayefunga mzigo. Rosalba alipiga mayowe. Wanaume walikimbilia ngazi.

Mara shati likapasuka. Kraaa! Levite alianguka. Aliukosa ukingo wa mashine kwa upana wa kiganja, akatua katikati ya rundo la sufu ya mzee Dosithe.

Sufu ikatikisika, na kichwa cha Levite kikatokea, kimejaa manyoya meupe.

"Niko hai," alisema. "Nadhani."

Odile alimkumbatia huku akilia, kisha akampiga ngumi kifuani, kisha akamkumbatia tena. "Shati! Shati bovu ndilo limekuokoa! Lingekuwa jipya ungekuwa umekufa, unanisikia?"

Shati lenyewe lilikuwa bado juu, limejiviringisha kwenye shafti. Bega la Levite lilikuwa limetoka mahali pake. Fundi wa mifupa aliitwa. Alilivuta mara moja, bega likarudi kwa mlio, na Levite akataja watakatifu wote anaowajua. Mkono ukafungwa kwa kitambaa shingoni.

"Leo basi," Odile alisema.

"Basi nini? Angalia uwanja! Tukifunga, wote watavuka mto wapeleke sufu yao kwingine. Nao wakishazoea njia ya huko, hawarudi. Fungua maji."

Odile aliwatazama watu. Alitazama magunia. Alisitasita, kisha akafungua maji.

Kazi iliendelea. Mama Mkwe akalia, na mara hii hapakuwa na mtu wa kumpandia. Sauti yake ikazidi. Baadaye, ghafla, ikabadilika, ikawa kama kitu kinachosagwa.

"Mama, kuna moshi!" Rosalba alisema.

Vumbi la sufu lilikuwa limejaa juu ya boriti, jepesi na kavu. Karibu na beringi ile lilikuwa limeanza kuwa jekundu. Odile akafunga maji. Rosalba alichovya gunia kwenye ndoo, akapanda juu ya sanduku, akalirusha gunia kwa nguvu zake zote. Likatua juu ya beringi. Tsssss! Mvuke ukatoka. Wekundu ukazimika.

Watu walitoka nje wakikohoa. Wengine walianza kuwageuza farasi wao. Odile aliwaona. Alikaza kitambaa chake kichwani, akashika kopo na ngazi.

"Nitapanda mimi," alisema. "Nitaitia mafuta, na tutaendelea."

"Wifi! Shuka hapo kabla sijakushusha mimi!"

Wote waligeuka. Mlangoni alisimama mwanamke mnene, amevaa kofia yenye ua na kushika sanduku la safari. Alikuwa Femie, dada mkubwa wa Levite. Tangu usichana alikuwa akifanya kazi kusini, kwenye kiwanda kikubwa cha pamba, na sasa alikuwa amekuja kwa treni kuwasalimu.

"Shangazi!" Rosalba alimrukia.

Femie alimbusu, kisha akamtazama mdogo wake. Alitazama mkono uliofungwa, akatazama shati lililoning'inia juu.

"Mdogo wangu, siku hizi mnaanika nguo huko?"

"Dada, usianze," Levite alisema.

"Naanza! Umepanda ngazi huku shafti inazunguka?"

"Wote wanapanda. Baba alipanda."

"Na baba alikuwa na vidole vingapi?"

Mzee Dosithe ndiye aliyejibu kutoka mlangoni. "Vinane, Mungu amrehemu."

Femie aliweka sanduku chini. "Sikilizeni. Kiwanda chetu kule kina shafti ndefu kuliko barabara ya kanisa lenu. Wakati wa vita wanaume waliondoka, wakanipa mimi kazi ya kutia mafuta. Mimi, na mwili huu! Mnadhani nilipanda ngazi?"

"Ulifanyaje?" Odile aliuliza.

"Nilisimama chini, miguu sakafuni. Mafuta ndiyo yaliyopanda."

"Mafuta hayapandi," Levite alisema. "Mafuta yanashuka. Hata mtoto anajua."

"Ukiyapiga pampu yanapanda. Kuna kopo lenye pampu ndani yake. Ukibana mkono wake, linasukuma mafuta kwenye mrija mwembamba. Mrija unafungwa kwenye mti mrefu. Unaelekeza ncha kwenye tundu la beringi, unabana, na tone linaingia. Basi!"

Macho ya Rosalba yaling'aa. "Tunaweza kulipata wapi?"

"Kopo la pampu lipo kwenye duka la vyuma mjini, nimeliona leo nikishuka kwenye treni. Mdomo wake ni mfupi, lakini fundi bati atatuungia mrija mrefu." Femie aliwageukia watu uwanjani. "Jamani! Msigeuze farasi! Acheni sufu yenu hapa. Kesho mchana mje mtazame. Mama Mkwe akilia kesho, nitaila kofia yangu, na ua lake!"

"Na kama hatalia?" mzee Dosithe aliuliza.

"Utaniomba msamaha kwa niaba ya mama wakwe wote."

Watu wakacheka. Wakashusha magunia.

Jioni ile Rosalba alikwenda mjini mbio na mkokoteni. Femie naye hakukaa chini. Alikwenda kwenye lango la maji, akalifunga kwa kufuli, akautia ufunguo mfukoni mwake.

"Kwa nini kufuli?" Odile aliuliza.

"Kwa sababu sasa tutapanda. Kupanda si kosa, wifi. Kosa ni kupanda wakati chuma kinazunguka. Kwanza unafunga maji, unatia kufuli, na ufunguo unakaa na yule anayepanda. Hapo hakuna mtu atakayefungua kwa bahati mbaya." Akampa ufunguo. "Haya, panda wewe. Mimi ngazi yenu haitaniweza."

Odile alipanda. Aliugusa ukingo wa beringi, ulikuwa umepoa. Akaanza kutoa uchafu, na alishangaa. Tundu la mafuta lilikuwa limezibwa kabisa. Alitoa sufu, vumbi na kitu kinene cha rangi ya kahawia kilichonata kama gundi.

"Hii nini?"

Femie alikinusa. "Levite, ulikuwa unatia mafuta gani?"

"Ya nguruwe. Yapo mengi jikoni."

"Ya nguruwe ni ya kukaangia viazi! Kwenye beringi yanaganda, yananata, yanakamata vumbi la sufu. Halafu yanaziba tundu. Miezi yote hii ulikuwa unamwaga mafuta juu ya kizibo! Yaliyobaki yalikuwa yanadondoka kwenye mashine."

Levite alikuna kichwa kwa mkono wake mzima. "Kwa hiyo Mama Mkwe alikuwa analia kwa haki."

"Alikuwa na kiu, maskini!"

Odile alisafisha kila kitu kwa kitambaa. Ndani, chuma kilikuwa kimekwaruzika kidogo, lakini hakikuharibika. Aliikata ile boliti iliyochomoza kwa msumeno wa chuma, ikawa sawa na shafti. Akavuta vipande vya shati na kuvitupa chini.

Levite alikuwa akitazama juu. Kisha akasema, "Dada, kuna tatizo. Lile tundu ni dogo kama tundu la kifungo. Mtu aliye chini hataliona. Ncha itayumba na mafuta yatamwagika."

"Kule kwetu matundu ni makubwa," Femie alikiri.

"Tuweke faneli!" Levite alisimama kwa furaha, akasahau bega lake, akapiga yowe, akacheka. "Faneli ndogo ya bati, pana juu na nyembamba chini, juu ya kila tundu! Tena yenye kifuniko kinachosukumika na ncha, ili vumbi lisiingie. Ncha ikigonga tu ndani ya faneli, mafuta yatajua njia!"

"Mdogo wangu," Femie alisema, "kumbe kichwa hakikuumia."

Kesho yake asubuhi fundi bati alitengeneza faneli hizo, na Odile akazifunga juu ya matundu, lango likiwa bado na kufuli. Mchana uwanja ulijaa. Walikuja hata watu wasio na kondoo. Akina mama walileta soksi za kufuma, lakini hakuna aliyefuma. Wote walitaka kuona mafuta yakipanda.

Rosalba alilitoa kopo. Lilikuwa kopo la bati, duara, lenye mkono wa chuma ubavuni. Mrija wa shaba ulitoka koponi, ukapanda kando ya mti mrefu mwepesi, na huko mwisho ukapinda kama shingo ya bata. Ndani mlikuwa na mafuta safi ya mashine, membamba na ya rangi ya asali.

"Kabla ya kuanza," Femie alisema, "fungeni mikono ya nguo zenu. Rosalba, nywele ndani ya kitambaa. Na simama hapa, kando. Usisimame chini ya mkanda, wala usiuguse mkanda kwa mti wako. Mkanda ukiudaka mti, utakurushia usoni."

"Sawa, shangazi."

"Bana."

Rosalba alibana. Hakuna kitu. Akabana tena. Hakuna kitu.

"Mafuta yamegoma!" mzee Dosithe alipaza sauti. Alikuwa amesogea mbele kabisa ili aone vizuri. "Femie, leta kofia, nitatafuta chumvi!"

"Subirini, mrija bado una hewa tu. Bana taratibu mpaka..."

Lakini Rosalba alikuwa amechachamaa. Alibana kwa nguvu, haraka haraka. Mara mafuta yakafika. Yalitoka mkupuo mrefu uliong'aa, yakapinda hewani, yakatua katikati ya upara wa mzee Dosithe.

Kiwanda kizima kilipasuka kwa vicheko. Mzee Dosithe alijipangusa polepole, akavitazama vidole vyake.

"Haya," alisema. "Sasa nimelainika. Nileteeni mchumba nicheze!"

Femie alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akampa Odile mti. "Wewe, wifi. Hiki ni kiwanda chako."

Levite mwenyewe alifungua maji kwa mkono mmoja. Gurudumu likaguna, shafti ikaanza kuzunguka, mikanda ikapiga makofi. Na kule kwenye kona, Mama Mkwe akaanza: Wiii! Wiii! Beringi ile ilikuwa kavu, kwa kuwa tangu isafishwe haikuwa imepata mafuta.

Odile aliinua mti. Ncha ilipita kushoto, ikapita kulia. Watu walizuia pumzi. Kisha ikagonga bati: ting! Kifuniko kikasogea, ncha ikaingia kwenye faneli ya Levite.

Odile akabana mara moja. Akabana mara ya pili.

Wiii! Wii... wi...

Kimya. Maji yalisikika chini ya sakafu. Mikanda ilisikika. Mashine ilisikika ikipumua kama mnyama aliyeshiba. Lakini Mama Mkwe alikuwa ameacha kulia.

Watu walitazamana. Halafu mtu mmoja akapiga makofi, na wote wakafuata. Levite alimkumbatia mke wake kwa mkono mmoja, akamzungusha pamoja na mti wake, mpaka Femie akapiga kelele, "Mti! Angalieni mti!"

"Mara mbili tu zinatosha?" Odile aliuliza, anahema. "Niongeze?"

"Usiongeze! Mafuta mengi yatadondokea sufu na mkanda, na mkanda wenye mafuta unateleza. Kidogo kila asubuhi, kuliko mengi siku inapolia. Ukisubiri ilie, umechelewa. Na vile vitambaa vya mafuta usiviache hapa kwenye vumbi la sufu. Viwekwe kwenye debe lenye kifuniko, nje. Vitambaa vya namna hiyo huweza kuwaka vyenyewe."

"Na mimi nijaribu!" mtu mmoja alisema. "Na mimi!" Wakapanga mstari. Femie aliwakatalia. Beringi haitaki mafuta ya bonde zima, alisema. Aliwatoa nje, wakabana kopo juu ya ndoo, wazee kwa vijana, wakifurahi kama watoto wenye filimbi mpya.

Mzee Dosithe alimwendea Femie, akavua kofia aliyokuwa ameivaa juu ya upara wake unaong'aa. "Kwa niaba ya mama wakwe wote," alisema, "samahani."

Majira yale hakuna aliyeipeleka sufu yake ng'ambo. Mashine haikusimama tena kwa moshi. Sufu ilitoka safi, bila madoa ya mafuta ya nguruwe. Bega la Levite lilipona, akajifunza kuelekeza ncha vizuri kiasi kwamba alijisifu kila mlo. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, mmoja wao alizunguka chini ya shafti na mti mrefu. Ting, bana, bana. Ting, bana, bana. Mara moja kwa wiki walitia kufuli kwenye lango, wakapanda na kufuta vumbi juu ya boriti.

Majani yalipoanza kuwa mekundu, mwanamke mmoja alifika uwanjani. Hakuwa na gunia la sufu. Jina lake lilikuwa Exilda. Yeye na mume wake walikuwa na kiwanda kidogo cha kupasua vigae vya mbao vya kuezekea paa, mbali kule juu ya mto. Alisimama akiukunjakunja ushungi wake mikononi.

"Nimesikia mna kitu," alisema. "Mume wangu hajui kama nimekuja. Shafti yetu iko juu, halafu chini yake kuna msumeno. Kila asubuhi anapanda, na mimi nasimama jikoni nasikiliza. Siwezi kufanya kazi yoyote mpaka nisikie miguu yake imerudi chini."

Odile alimshika mkono, akamwingiza ndani. Alimfunga mikono ya gauni, kifungo kwa kifungo. Kisha akampa mti mrefu.

"Mzito?" alimuuliza.

"Hapana. Mwepesi."

"Basi inua. Tafuta lile bati linalong'aa. Hapo, hapo! Sasa bana."

Exilda akabana. Kule juu mafuta yakaingia. Alibaki amesimama, uso ameuinua, miguu yote miwili sakafuni, na machozi na kicheko vikamtoka kwa pamoja.

"Tena," alisema. "Nionyeshe tena, nikamwonyeshe leo hii."